Kiangazi Nilichokaa Barazani

Nilivunjika mguu mwanzoni mwa kiangazi, kwenye daraja la miti, nikitoka Salamabila kurudi Kasongo. Nilikuwa dereva wa pikipiki, kazi niliyoianza kabla sijaoa. Wakati wa kwenda nilibeba wachuuzi na sabuni zao, chumvi na mitumba. Wakati wa kurudi nilibeba watu waliochoshwa na machimbo ya dhahabu. Siku ile sikuwa na abiria, nilikuwa na gunia la maharagwe tu. Mti mmoja wa daraja ulikuwa umeoza upande wa chini, ule ambao dereva haoni. Gurudumu la mbele likazama, pikipiki ikalala, nami nikalala chini yake.

Wakulima waliokuwa wanatoka shambani walinivuta, wakanifunga mguu kwa vipande vya mianzi, wakanitafutia mtu wa kunifikisha hospitali. Huko walinivika plasta nyeupe kutoka kwenye vidole vya mguu hadi juu ya goti, na muuguzi akaniambia kwamba kiangazi chote ni cha kukaa.

Nikamuuliza nitakaa wapi.

"Nyumbani kwako," akasema. "Ao huna nyumba?"

Nyumba nilikuwa nayo. Ni ya matofali ya udongo, katika mtaa ulio nyuma ya shule ya misheni, na ndani yake mlikuwa na mke wangu na watoto wetu watatu. Mke wangu ni mkulima wa mpunga, karanga na mihogo, mtoto wa wakulima wa hapahapa tangu mababu. Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alikuwa amemaliza shule ya msingi mwaka ule. Wa pili ni mvulana, mkimya. Wa mwisho ni msichana ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Nilizijua sura zao, na nilivijua vizuri sana vipimo vya miguu yao, kwa sababu viatu ndivyo nilivyozoea kuwaletea kutoka safarini. Nilikuwa nafika jioni, nakula, nalala, kesho yake natengeneza cheni na breki, kisha naondoka tena. Hakuna aliyelalamika. Kazi ndivyo ilivyokuwa.

Majirani walinibeba mpaka barazani, wakanikalisha kwenye kiti cha mianzi, mguu ukiwa juu ya kigoda. Mtoto wangu wa mwisho akasimama kwenye mwimo wa mlango, kidole mdomoni, akaniangalia. Kesho yake akaniangalia tena. Siku iliyofuata nikamsikia kule jikoni akimuuliza mama yake, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza habari ya mgeni:

"Mama, ule baba atarudia kwake siku gani?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Lakini alipokwenda shambani nikabaki peke yangu na lile swali, nikaligeuzageuza kama mtu anayetafuta mwiba kwenye kidole.

Shule zilikuwa zimefungwa, ni vakansi kubwa. Watoto wa jirani mmoja walikuwa wamepelekwa Kindu kwa shangazi yao, na wengine wawili wa mtaa wetu walikuwa wamekwenda kuona televisheni kwa mjomba wao aliye na mtambo wa jua. Wangu hawakuwa na safari. Kila asubuhi nilitegemea kuwaona wakicheza mbele yangu, na kila asubuhi walipita pembeni, taratibu, wakabeba michezo yao hadi uani kwa jirani. Niliwasikia kule wakipiga kelele. Upande wangu palikuwa na kuku tu.

Jioni nikamwambia mke wangu kwamba watoto wananikimbia, na kwamba mimi sikumbuki kuwahi kumpiga hata mmoja.

Akanieleza bila kuzunguka. Watoto hawakunikimbia. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo tangu wangali wadogo: baba akifika tunanyamaza, baba amechoka, mwacheni alale. Sasa baba alikuwa amefika, na wao wakanyamaza kama walivyofundishwa. Hakuna aliyewaambia kwamba safari hii baba hakuwa na usingizi.

Nikaamua kuwafurahisha. Asubuhi niliwaita wote watatu, nikawaambia wakae chini, nitawasimulia habari za barabara. Walikaa kama darasani, mikono juu ya magoti, macho mbele. Nikaanza na Kasongo, nikaenda nikitaja milima na mito, mahali pa matope na mahali pa mchanga. Nilikuwa sijafika hata Lusangi, yule mdogo akalala. Mkubwa akaniuliza kwa adabu kama wanaweza kuondoka, maana sombe, yale majani ya mihogo, ilikuwa bado haijatwangwa.

Mke wangu aliporudi nikamwambia kwamba nimeshindwa. Alikuwa ameinama anatoa mihogo kwenye kikapu, na hakuinua hata kichwa.

"Weye kaa tu pale," akasema. "Muchezo wanao tayari. Wanakosa mutu wa kuwaangalia."

Basi nikakaa. Nikawaomba kitu kimoja, wachezee uani kwetu. Nikamwambia mvulana kwamba nyuma ya nyumba kuna tairi la pikipiki lililokwisha, alichukue. Nadhani alikuwa amelitamani muda mrefu, kwa jinsi alivyolikimbilia. Akakata fimbo, akalisukuma kuzunguka nyumba, na kila alipotokea upande wangu alinitupia jicho.

Baada ya mizunguko kadhaa akasimama mbele yangu, jasho likimtoka. "Umeona vile nilipita kwa mupapai?"

Nikasema nimeona.

"Sijapita kwa mupapai," akasema.

Akaondoka na tairi lake. Hakukasirika; alikuwa amenipima, akajua kipimo changu. Nikaiweka simu mfukoni, simu ambayo hata hivyo mtandao wake unapatikana kule mlimani tu, nikaanza kuangalia kweli. Ndipo nikaona mambo. Niliona kwamba mwanangu hulala upande akikata kona, kama dereva mzoefu, ingawa hakuna aliyemfundisha. Niliona kwamba kwenye mteremko wa kuelekea jikoni halisukumi tairi, hulishika. Alipopita tena nikamwambia hayo. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, na baadaye nikamsikia akimwambia dada yake mdogo, "Baba anasema ninakata kona kama dereva."

Kuanzia hapo walinisogelea, kila mmoja kwa njia yake.

Yule mkubwa alikuja na vitendawili. Sombe ya nyumba yetu hutwangwa barazani, kwa hiyo kila siku alikuwa nami pale na kinu chake. Siku moja, katikati ya kutwanga, akasema bila kuniangalia:

"Kitendawili."

"Tega," nikamjibu. Nilishangaa kwamba neno lilikuwa bado mdomoni mwangu. Nilikuwa sijalitamka tangu mama yangu alipokuwa ananitegea akimenya karanga.

"Anatembea asubuhi mpaka jioni, lakini hajawahi kutoka nyumbani kwake."

Nikasema kivuli. Nikasema kuku. Nikasema mimi mwenyewe sasa hivi, akacheka kidogo, akakataa. Nikakubali kwamba nimeshindwa.

"Nipe muji."

Kila mtu aliyekulia kwetu anajua kwamba anayeshindwa hutoa mji, na anayeshinda huutawala kabla ya kutoa jibu. Watoto hutoa miji waliyoisikia tu. Lakini mimi nilikuwa na miji mingi kuliko mtu yeyote mtaani, nimelala ndani yake, nimezibiwa tairi ndani yake. Nikampa Lusangi.

Aliuchukua mchi wake, akasimama wima. Akasema amekwenda Lusangi, watu wamemletea kiti na maji ya kunywa, amewaambia wanawake wote wapumzike siku hiyo, na wanaume wote watwange sombe. Wanaume wamelia, yeye hakuwahurumia. Kisha amerudi. "Ni mulango," akasema, akaendelea kutwanga.

Yule mdogo alikuwa amesikia. Akaja hadi kwenye mkono wa kiti changu, mahali ambapo hajawahi kufika. "Na miye nataka muji."

Nikampa Kabambare. Dada yake akasema si haki, hajatega kitu. Nikasema mji ni wangu, natoa ninavyotaka.

"Kuko nini kule?" mdogo akauliza.

Nikamwambia kuna mama mmoja anayekaanga mikate kando ya barabara, mikate ya mviringo, na kwamba huijua sauti ya pikipiki yangu kabla hajaniona. Nikifika hukuta ameshatenga ya kwangu kwenye jani. Akafikiri kidogo.

"Basi ule mama iko wangu," akasema. Tangu siku hiyo kila asubuhi aliniuliza mama wake wa Kabambare amekaanga nini leo, nami nikalazimika kumjibu. Ndivyo nilivyosimulia barabara yote, kidogo kidogo, kwa kuulizwa, watu wake na mvua zake, mbuzi aliyepanda pikipiki akatulia kuliko abiria wengi. Hakuna aliyelala.

Mvulana yeye hakutaka mji. Alikuwa amekaa ngazini, tairi mapajani, anatusikiliza tukigawana nchi. Nikamuuliza nimpe upi.

"Nipe lile daraja," akasema.

Nilijua analolisema. Nikamuuliza atalifanya nini.

"Nitalitengeneza."

Nikampa.

Nilidhani yamekwisha kama mambo ya vitendawili yanavyokwisha. Lakini kati ya uwanja wetu na njia kuna mfereji ambao mvua zimeuchimba mwaka hadi mwaka, na sisi huuruka, na mke wangu huuruka hata akiwa na kikapu kichwani. Kesho yake nikamwona mwanangu amesimama ndani yake, anaupima upana kwa fimbo. Akaniuliza miti ya daraja hulazwa vipi. Nikamwambia kuna minene miwili ya kubeba, halafu myembamba ya kupita juu, inafungwa kwa kamba za msituni ili isibingirike. Akataka kujua kamba gani. Nikamwambia. Akataka kujua kama mti mbichi ni bora kuliko mkavu. Tulizungumza madaraja mpaka chakula kikaiva.

Kazi ile ilimchukua siku nyingi. Miti mingine aliikata mwenyewe upande wa mabonde, mingine aliiomba kwa majirani waliokuwa wanafyeka mashamba mapya. Watoto wengine walimsaidia kuburuta. Mimi nilisogezewa kiti hadi kando ya mfereji, na kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya kamba akikaza. Kila mti ulioletwa aliugeuza kwanza, akauangalia upande wa chini, akaugonga kwa kisu, akasikiliza. Mti mmoja mzuri sana kwa macho aliukataa. Aliniletea nione: ndani ulikuwa laini kama muhogo uliolowekwa.

Nilimshika begani, akauacha mkono wangu ukae pale.

Huku nyuma yule mdogo alikuwa amegundua kwamba plasta yangu inaandikika. Nilisinzia mchana mmoja, nilipoamka nilikuta mistari ya mkaa kwenye ugoko. Akaniambia huyo ni kuku. Nikasema kuku huyu hana miguu. Akasema amekaa. Basi tukakubaliana kwamba atakayetaka achore, ila si juu ya vidole, maana kule naona mtekenyo. Dada yake akachora nyumba, mvulana pikipiki isiyo na mtu. Mke wangu aliporudi kutoka shambani aliweka kikapu chini, akauangalia mguu wangu muda mrefu, nikadhani atatugombeza sote. Akaomba mkaa. Akachora mche wa karanga, mizizi na punje zake, mzuri kuliko michoro yetu yote. Sikujua kama mke wangu anajua kuchora. Akasema hata yeye hakujua, hakuna aliyewahi kumpa mguu wa kuchorea.

Mto ulipopungua kabisa, mke wangu akatangaza kwamba Jumamosi wanakwenda kukausha kijito. Kwetu hiyo ni kazi ya wanawake na watoto, na ni sikukuu pia. Wanaziba kijito juu na chini kwa vigogo vya migomba na matope, halafu wanayatoa maji ya katikati kwa mabeseni mpaka samaki wabaki kwenye tope, kisha wanawaokota kwa mikono. Wanaume hatuendi. Tunaambiwa kwamba tunaharibu, na nadhani ni kweli.

Yule mdogo akasema baba naye aende. Mama yake akamwambia baba hawezi kutembea mbali kwa magongo aliyopewa hospitali. Mvulana akasema kwamba jirani ana baiskeli.

Asubuhi ya Jumamosi walinipandisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya jirani, mguu wa plasta ukiwa umelazwa mbele juu ya ubao waliofunga kwa kamba. Mke wangu akanishika mgongo. Mvulana akashika usukani. Tukauvuka uwanja, na mbele yetu likawa daraja lake.

Watoto walikuwa wamelipita mara nyingi, na kuku, na tairi. Lakini mtu mzima mwenye plasta alikuwa bado. Nikaangalia ile miti, mwili wangu wote ukakumbuka. Nikamwambia asimame kwanza, niteremke, nivuke kwa magongo, ni hatua chache tu. Nikamwambia gurudumu lipite upande wa kushoto. Nikamwambia ashike breki.

Akageuka akaniangalia, uso wake umetulia.

"Leo dereva iko miye," akasema. "Abiria hasemi."

Ni maneno yangu. Ndivyo ninavyowaambia watu wanaonipigia kelele nyuma ya mgongo kwenye mito. Sikujua aliyasikia wapi. Labda kwa mama yake, labda siku fulani nilipompakia hadi sokoni. Nikafunga mdomo. Akasukuma. Miti ikalia kidogo chini yetu, kamba zikakaza, tukawa upande wa pili. Hakugeuka tena. Lakini nilimwona shingo, na shingo ya mtu anayetabasamu naijua hata kwa nyuma.

Kijito kile kiko bondeni, chini ya michikichi, na wakati wa kiangazi maji yake hayafiki magotini. Walinikalisha kwenye ukingo juu ya kigogo, karibu na kizuizi cha juu, wakaniambia nisiguse kitu. Wanawake wengine wa mtaa walikuwepo na watoto wao. Walinisalimu kwa heshima, halafu wakacheka wakiwa wamenipa mgongo. Katekista mmoja mzee aliyekuwa anapita njiani alisimama, akaniuliza kama na mimi nakausha mto. Nikamwambia nimewekwa kulinda samaki wasitoroke. Akasema ni kazi nzuri kwa mtu wa mguu mmoja, akaenda zake.

Mabeseni yakaanza. Wanawake waliimba kwa lugha ya nyumbani, beseni linainama na linamwaga kwa mwendo mmoja, na watoto katikati yao walitumia sufuria, vibuyu, hata kofia. Binti yangu mkubwa alikuwa sambamba na mama yake, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba wanakaribia kulingana. Maji yakashuka. Migongo ya samaki ikaanza kuonekana.

Hapo kizuizi cha juu kikaanza kuvuja. Nilikiona mimi kwanza, kwa kuwa nilikuwa karibu nacho. Maji yalitoboa chini ya kigogo cha mgomba, yakapanua tundu, tope likaanza kuondoka. Nikaita. Kwa ule wimbo hakuna aliyesikia. Mikono mingi iko kule chini, na hapa nipo mimi, mtu aliyeambiwa asiguse kitu. Sikufikiri sana. Niliteleza kutoka kwenye ukingo kwa makalio, nikakaa juu ya tundu.

Maji yakasimama. Baridi ikanipanda hadi kwenye meno. Mguu wa plasta nilikuwa nimeuinua juu kadiri ninavyoweza, na nilijua kwamba siwezi kuushikilia muda mrefu.

Yule mdogo ndiye aliyeniona. Alikuja akikimbia kwenye tope, akasimama mbele yangu, akaelewa mara moja. Akaukumbatia ule mguu kwa mikono yote miwili, akauweka begani kwake, akauegemeza kichwa.

"Usiuachilie," nikamwambia.

"Siuachilii," akasema.

Ndivyo walivyotukuta: baba amekaa ndani ya mto kama kigogo, mtoto amebeba mguu. Wimbo ukavunjika. Wanawake walicheka mpaka mabeseni yakaelea, mke wangu akalia machozi, na katika kucheka huko karibu wapoteze samaki wote. Kisha binti yangu mkubwa akapiga kelele kwamba maji yanarudi upande wa chini, kila mtu akarukia kazi yake. Nilikatazwa kuinuka hadi mwisho. Niliwaona wakiokota kambale na kaa na samaki wadogo wa kung'aa, mikono ndani ya tope hadi kwenye viwiko, mwanangu akimshika kambale mmoja, akimpoteza, akimshika tena kwa tumbo na kidevu. Wakati wote ule yule mdogo alikataa kupokewa mguu. Mama mmoja wa mtaa alijaribu kumsaidia, mtoto akamwambia hapana, huyu ni baba yangu.

Samaki waligawanywa kwa kila nyumba. Sehemu yetu haikujaza hata sufuria ndogo. Tuliwala na sombe jioni ile, mapema, jua bado liko juu ya paa la shule, na yule mkubwa akatega kitendawili kipya:

"Kuko muti mweupe kwa barza yetu. Hauna majani. Kila mutu anauzunguka, anaogopa kuuvunja."

Nikasema nguzo. Nikasema ufagio. Mke wangu akaangalia pembeni, kumbe amekwisha kujua. Miji yangu ilikuwa imekwisha yote, nimebaki na Kasongo tu, na Kasongo nikaitoa.

"Ni muguu yako, baba."

Alipoitawala Kasongo hakuamrisha mtu kutwanga. Alisema amewakuta watu wote wamekaa barazani, akawaacha hivyohivyo.

Muuguzi alinigombeza kwa sababu ya unyevu uliokuwa umeingia kwenye plasta, akaniuliza nimekuwa wapi. Nilipomwambia, akaomba nimweleze tena ile sehemu ya kukaa juu ya tundu. Mguu ulipona. Umepinda kidogo chini ya goti, na mvua ikikaribia huuma, unaniambia kabla ya redio.

Nilirudi barabarani, maana barabara ndiyo inayotulisha. Sikuiacha Salamabila, ila nilipunguza. Nachukua zaidi safari za karibu, na Jumamosi nikiweza nalala nyumbani. Mke wangu aliwaambia watoto kwamba sasa ruhusa kupiga kelele baba akifika. Wameichukua ruhusa hiyo yote, hawakuacha hata punje.

Mvua za kwanza zilinikuta njiani, narudi. Ilikuwa imenyesha mchana, ikakatika, na jua la jioni likatoka. Nilipofika mtaani kumbikumbi walikuwa wanapanda kutoka ardhini, maelfu, mbawa zao zikimeta, na kila mlango ulikuwa umemwaga watu. Mke wangu alikuwa uani na beseni la maji, binti yangu mkubwa na ungo, mvulana akifukia tundu moja ili watokee kwenye jingine. Nilizima pikipiki. Nilikuwa nimelowa, nina njaa, mkoba bado begani.

Yule mdogo alinikimbilia. Nilidhani anakuja kunisalimu. Akanyoosha mikono yote miwili, nikainama, akanivua kofia ya pikipiki kichwani, akarudi nayo mbio kwa wenzake, akaigeuza na kuiweka kando ya lile tundu. Nikaweka mkoba kwenye ngazi, nikachechemea nyuma yake. Tuliwaokota hadi mbawa zikaisha kuruka. Kofia ilijaa pomoni, na asubuhi yake, nilipoivaa kwenda kazini, bado ilikuwa na mbawa mbili tatu ndani.